Bila Final Draft, prodyuza hatafungua skripti yangu?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 24, naishi Majengo, Moshi. Nafanya kazi steshenari: fotokopi, kuprinti, kubaindi, kuwajazia watu fomu mtandaoni. Wateja wakipungua naandika vichekesho kwenye kompyuta ya dukani, usiku naendelea kwenye simu yangu ya Android. Tuna kundi la kuigiza, tuko sita, tumeshapandisha vipande vifupi mtandaoni, ila ninachokitaka hasa ni komedi ya mfululizo ya televisheni. Mwenzetu mmoja anasema bila Final Draft hakuna prodyuza atakayefungua kazi yangu. Nimejibana nikapata laki mbili na nusu. Kuna kijana ananiuzia Final Draft ya kraki kwa elfu ishirini. Nichukue hiyo, niendelee kudunduliza mpaka nipate ya halali, au kuna nyingine? Tena, niandike INT. na EXT. au NDANI na NJE? Na nikishamtumia mtu skripti, nitajuaje hataniibia?"

Marahaba mdogo wangu. Kwa sasa usinunue programu yoyote. Hiyo laki mbili na nusu ina kazi yake, nitaitaja nikifika huko, ila si ya kumpa kijana wa kraki wala ya kuanzia mchango wa Final Draft.

Mwenzenu hajatunga, kasikia nusu. Final Draft, programu ya kuandikia skripti, ipo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kule Marekani ndiyo iliyozoeleka kuliko zote kwenye filamu na televisheni. Lakini sababu kubwa ya kuzoeleka kwake inahusu kinachotokea baada ya mwandishi kumaliza. Siku za kupiga picha zikikaribia, mtu wa mavazi ana nakala, mtu wa taa ana nakala, mpanga ratiba ana nakala, na kila mmoja ameandika mambo yake pembeni mwa ukurasa wa 13. Sasa mwandishi anaongeza utani kwenye ukurasa wa 12. Ukurasa wa 13 ukisukumwa ukawa wa 14, asubuhi yake watu hawaelewani. Basi programu inafunga namba za kurasa. Nyongeza inakuwa ukurasa wa 12A, mistari iliyobadilika inawekewa nyota pembeni, na kurasa mpya zinachapwa kwenye karatasi ya rangi nyingine ili zichomekwe mahali pake. Mpanga ratiba naye anachomoa humo humo orodha ya sini, yaani kila tukio la mahali na wakati mmoja, na wahusika wa kila sini.

Ni kazi nzuri na wenye uzalishaji mkubwa wanailipia kwa moyo mweupe. Bila punguzo, bei yake ni kama dola 250, zaidi ya laki sita kwa pesa yetu. Ninyi mko sita, na nadhani mabadiliko ya skripti mnapeana kwa kupaza sauti.

Mimi huku Arusha nahariri skripti za televisheni na redio, na sikumbuki lini prodyuza wa hapa aliniomba faili la Final Draft. Wanaomba PDF. Wengi wanaisomea kwenye simu, iliyotumwa WhatsApp, wakiwa kwenye foleni au wanasubiri chai, na PDF haimwambii mtu imetengenezwa na programu ipi. Hata mashindano mengi ya nje yanapokea PDF. Kitu ambacho prodyuza atakigundua ndani ya sekunde tano ni kama ukurasa unafanana na skripti: herufi za Courier ukubwa wa 12, karatasi nyeupe iliyo na nafasi, majina ya wahusika katikati kwa herufi kubwa, maongezi yameingia ndani, pambizo la kushoto inchi moja na nusu. Hiyo nusu ya ziada ni ya matundu ya kufungia, wewe unayebaindi ripoti za watu kutwa hilo huhitaji kufundishwa. Mwonekano huo unapatikana bure, na fonti nzuri kuliko Courier ya kawaida, inayoitwa Courier Prime, nayo ni ya bure. Ipakue hata leo.

Kuhusu kraki sitasema mengi. Umesema kompyuta ni ya dukani. Kompyuta ya steshenari imebeba vyeti vya watu, namba za NIDA, barua za maombi ya kazi, labda na nywila za wateja waliosahau kujitoa. Programu ya kraki kwa kawaida inakuja na maelekezo ya kuzima antivairasi kwanza, ndipo uiweke. Fikiria utamweleza nini bosi siku mafaili yote yatakapofungwa na kirusi. Halafu barua hiyo hiyo inauliza utajuaje hutaibiwa.

Sasa twende kwenye programu zenyewe. Watu huchagua kwa kuangalia mlango wa kuingilia: sura ya programu, rangi, orodha ya mambo inayoweza kufanya. Mimi nakushauri uangalie mlango wa kutokea. Siku ukiiacha programu, au ikikuacha yenyewe, maandishi yako yanatokaje? Hili si swali la hofu tu. Celtx zamani ilikuwa programu ya bure unayoiweka kwenye kompyuta yako ukamaliza, na waandishi chipukizi wengi walianzia hapo. Baadaye ikahamia mtandaoni na malipo ya kila mwezi, ile ya kompyuta ikaachwa. Hadi leo naletewa flashi zenye mafaili ya Celtx ya zamani ambayo mwenyewe hana tena cha kuyafungulia. Amazon nao walikuwa na ya kwao ya bure, Storywriter, wakaifunga mwaka 2019. Kampuni kubwa namna ile, na bado watu waliambiwa wachukue vitu vyao watoke. Na hizi za malipo ya mwezi, kadi yako ikikataliwa siku ya malipo, unaweza kukuta skripti yako unaiona lakini huruhusiwi kuigusa.

Kwa mtu wa hali yako, anayeandika mchana kwenye kompyuta isiyo yake na usiku kwenye simu, mlango wa kutokea ndio kila kitu. Kwa hiyo jibu langu ni hili: andika kwa Fountain.

Fountain si programu. Ni utaratibu wa kuandika skripti kwa maandishi matupu, uliotolewa mwaka 2012 na watu wa filamu wa Marekani, John August na Stu Maschwitz wakiwa mbele. Unaandika kwenye chochote, Notepad ya dukani, sehemu ya kuandikia kumbukumbu kwenye simu, hata ndani ya barua pepe, ukifuata kanuni chache. Mwishoni programu inayoielewa Fountain inasoma maandishi yako na kuyapanga yawe skripti kamili. Skripti ya kurasa 30 kwa namna hii haifiki hata KB 100. Kuituma kutoka simu kwenda dukani hakuli bando, na hata miaka ishirini ijayo itafunguka, maana ni herufi tu.

Tazama kipande hiki, ndivyo kinavyoandikwa:

.NDANI. HIACE, STENDI KUU MOSHI - ASUBUHI

Hiace imejaa, kimebaki kiti kimoja. MAMA ELIA (55), kikapu mkononi, anachungulia mlangoni.

KONDA
Nafasi moja, mama! Ukikaa tu tunatoka.

Mama Elia anakaa. Analipa. Abiria wote wanainuka na kushuka.

MAMA ELIA
(anawatazama)
Hawa wanakwenda wapi?

KONDA
Hawa ni wafanyakazi, mama. Abiria ni wewe.

Umeona, hakuna cha kubonyeza. Jina kwa herufi kubwa, juu yake mstari mtupu, chini yake maongezi moja kwa moja bila kuruka mstari: Fountain inajua huyo ni mhusika anaongea. Kilicho kwenye mabano chini ya jina ni namna ya kusema au kutenda. Mengine yote ni maelezo ya kinachoonekana.

Ile nukta kabla ya NDANI ndiyo jibu la swali lako la pili. Fountain imetengenezwa na Wamarekani, kwa hiyo ikiona INT. au EXT. inajua yenyewe kwamba sini mpya imeanza. NDANI na NJE haizijui. Ukiandika NDANI bila nukta mbele itaichukulia kama maelezo ya kawaida, na ukisahau kuacha mstari mtupu chini yake itadhani NDANI ni jina la mtu anayetaka kuongea. Nimeshapokea skripti yenye mhusika anayeitwa NJE. BARABARANI - USIKU, na alikuwa na maongezi mengi kuliko shujaa. Weka nukta mwanzo, basi.

Ila je, ipi uitumie? Kama wanaosoma ni wenzako sita wa Majengo na prodyuza wa Kitanzania, andika NDANI, NJE, MCHANA, USIKU. Hakuna atakayekosa kuelewa, na mwigizaji hatajikwaa akisoma kwa sauti. Ukikutana na timu iliyozoea INT. na EXT., unabadilisha zote kwa mkupuo kwa ile amri ya tafuta na badilisha. Kuchanganya ndiko kunakokera: sini ya kwanza INT., ya pili NDANI, ya tatu "ndani ya nyumba ya kina Asha jioni jioni hivi".

Kwenye simu yako weka DubScript, ya Android, inayosoma Fountain na kutoa PDF. Pia kwenye kibodi ya simu ongeza Kiswahili na uzime kujisahihisha, vinginevyo simu itakugeuzia maneno ya Mama Elia kuwa Kiingereza wakati hutazami. Kwenye kompyuta ya dukani, kama bosi ataridhia, weka Trelby. Ni ya bure kihalali, nyepesi, inakwenda hata kwenye kompyuta iliyochoka, haihitaji intaneti, inapokea Fountain na inatoa PDF. Sura yake ni ya kizamani, usitishike. Humo unaandika hasa kwa vitufe viwili, Enter na Tab, vinavyokuhamisha kutoka maelezo kwenda jina la mhusika kwenda maongezi. Bosi akikataa, Notepad inatosha na PDF utaitolea kwenye simu.

Zilizobaki nitazipitia haraka. WriterDuet inafaa mnapoandika wawili kwa wakati mmoja, kila mtu kwao, na skripti tatu za kwanza ni bure. Lakini toleo la bure linataka intaneti muda wote. Highland na Beat ni nzuri sana, Beat ni ya bure, ila ni za vifaa vya Apple. Google Docs haijui skripti, lakini kwa kuachiana maoni pembeni haina mpinzani, na inakubali kuandika bila mtandao ukiiandaa mapema. Word inawezekana ukitengeneza mitindo yako ya jina, maongezi na maelezo mara moja ukaihifadhi kama kiolezo. Adha ya Word na Google Docs ni ule mstari mwekundu chini ya kila neno la Kiswahili. Zima ukaguzi wa tahajia kabla hujaanza, maana mtu hawezi kuwa mchekeshaji huku kompyuta inamwambia kila sentensi ni kosa. Na siku moja ukiwa na pesa ya kuchezea, ya kulipia ni Fade In. Ni kama dola 80, unalipa mara moja, inafanya karibu yote ya Final Draft, inakwenda Windows, Mac na Linux. Kulipa utahitaji kadi ya Visa au Mastercard, ya benki au ile ya kidijitali unayoifungua ndani ya huduma ya pesa za simu.

Kuna mtego mmoja lazima nikuonye, kwa sababu unawanasa waandishi wa komedi peke yao. Programu nyingi zinakuuliza mwanzoni unataka kiolezo gani, na kimoja kinaitwa sitcom. Wewe unaandika komedi ya televisheni, utakibonyeza bila kufikiri. Kiolezo kile ni cha komedi za studio, zile zinazopigwa kwa kamera kadhaa kwa pamoja mbele ya watazamaji wanaocheka ukumbini. Maelezo yote yanakuwa kwa herufi kubwa, maongezi yanaachiwa mstari mmoja kila baada ya mstari, na ukurasa unakuwa na karibu nusu dakika tu. Skripti ya nusu saa inafika kurasa 45 na zaidi. Ninyi mtapiga kwa kamera moja, pengine simu, uani kwa mtu au pale Mbuyuni wenye vibanda wakiwaruhusu. Chagua kiolezo cha kawaida cha filamu, ambacho ukurasa mmoja unakadiriwa kuwa dakika moja. Kwa komedi hata hilo kadirio lichukulie kwa tahadhari: maongezi ya haraka haraka yanakula ukurasa kwa sekunde 40, na sini moja ya mtu anayejaribu kuingiza godoro kwenye bajaji inaweza kuwa mistari mitatu na dakika mbili. Soma kwa sauti, simu ikihesabu muda.

Turudi kwenye hiace, kwa sababu pale ndipo programu inapoonyesha kama inakusaidia kuchekesha au kupendezesha karatasi tu. Kipande kile hakikuzaliwa hivyo. Jibu la konda lilikuwa: "Hawa si abiria mama, ni vijana wetu, tunawaweka humu ili gari lionekane limejaa na watu wapande." Ni kweli, kila aliyewahi kupanda gari stendi anaijua hiyo janja. Na ndiyo shida yenyewe: mtazamaji ameshaelewa tangu abiria walipoinuka, wewe bado unamweleza. Likakatwa likawa: "Abiria ni wewe, mama. Hawa ni wafanyakazi." Hapo panchi, lile neno linaloleta kicheko, ipo ila imewahi, kicheko kinaanza kwenye "ni wewe" halafu maneno manne yanakuja kukizima. Kugeuza sentensi, kuitupa "mama" katikati, na kuliacha "wewe" neno la mwisho kabisa, ndiyo ilikuwa kazi. Hakuna programu itakayokufanyia hivyo, ya laki sita wala ya bure.

Inachoweza kukufanyia ni kukupa ujasiri wa kukata. Waandishi wa vichekesho hatutupi utani, tunaupenda mno, kwa hiyo unabaki ndani ya sini ukiharibu wenzake. Kwenye Fountain, kitu usichokitaka unakizungushia alama: unaanza na /* na kumaliza na */. Kitabaki kwenye faili lako lakini hakitatokea kwenye PDF. Ule mstari mrefu wa konda bado uko hivyo kwenye faili langu. Unaweza kuwa mbaya pale stendi lakini ukafaa sehemu ya nne, konda akiwa mahakamani anajitetea. Ukitaka kujiachia ujumbe, kwa mfano "hapa panchi bado dhaifu", unautia ndani ya mabano ya mraba mawili mawili, [[hivi]], nao mwigizaji hauoni.

Jambo la pili la kuliangalia ni urahisi wa kuhamisha sini. Komedi ya mfululizo ina hadithi mbili au tatu zinazokwenda sambamba ndani ya sehemu moja: Mama Elia na hiace, mwanawe na posa, jirani na kuku. Mara nyingi sini inachekesha au haichekeshi kwa sababu ya iliyoitangulia. Kwa maandishi matupu ni kukata na kubandika. Trelby nayo ina amri ya kurukia sini unayoitaka. Zile kadi za rangi unazoziona kwenye matangazo ya programu za bei zinavutia, lakini vipande vya karatasi vinavyobaki kwenye mashine yako ya kukatia vitafanya kazi ile ile mezani.

Jambo la tatu linawahusu ninyi kama kundi. Vichekesho vyetu vingi vinaigizwa kwa kupeana kisa tu, "wewe ni baba mwenye nyumba, wewe hujalipa kodi miezi mitatu, anzeni", na mengine mtu anayamaliza mwenyewe. Kuna wanaodhani skripti inakuja kuua hiyo. Ifanye itumike upande wenu: pigeni mazoezi kwa kisa, simu ikirekodi sauti, kisha wewe uketi uandike mistari iliyochekesha kweli na uiache ile iliyokuwa kelele. Hapo utaona faida ya kuandika bila kubonyeza vitufe, maana sauti inakimbia na mkono lazima ukimbie nayo. Akina Konda wengi wazuri wanatokea kwenye rekodi za namna hiyo. Na lafudhi usiiandike. Mhusika kama ni Mchaga wa Kibosho, sema hivyo mara moja anapotajwa kwa mara ya kwanza, mwigizaji ataibeba. Ukianza kuzigeuza geuza herufi kwenye kila neno, hata mwigizaji wa Kibosho mwenyewe atashindwa kuisoma.

Ukitaka kuona komedi za watu zilivyo kwenye karatasi, BBC wana tovuti yao ya waandishi yenye skripti halisi za kusoma bure, za televisheni na redio. Zisome kwa macho ya kuhesabu: mhusika anaongea mistari mingapi kabla hajakatizwa? Kwa kawaida ni michache kuliko unavyodhani. Utaona pia kwamba za redio zina sura yake, kila kauli imepewa namba pembeni ili mwongozaji aseme "rudia namba sita" bila kubishana. Nakutajia redio kwa makusudi. Moshi na Arusha kuna vituo vya redio vinavyohitaji vipindi, na mchezo wa dakika tano wa redio hauhitaji kamera, taa wala ruhusa ya mwenye nyumba. Kwa huo Word ya dukani inatosha kabisa.

Pesa yako sasa. Cha kwanza nunua kibodi ndogo ya Bluetooth ya kuunganisha na simu, zipo za bei nafuu. Wewe kazi kubwa unaifanya usiku kwenye simu, na kuandika kurasa 30 kwa vidole gumba viwili ni adhabu. Inayobaki ilipie watu kukusikiliza. Chapisha nakala sita (hapo nadhani unajua pa kupata bei nzuri), nunua soda na maandazi, waite wenzako wasome sehemu nzima kwa sauti mezani, bila kuigiza, na uwaalike watu wanne ambao si wa kundi: mama wa jirani, fundi cherehani, mtu wa bodaboda. Wewe usisome chochote. Kaa na nakala yako na kalamu, kila wanapocheka weka alama, kila wanapochukua simu zao weka alama nyingine. Ukurasa wenye alama za simu tu unajua la kuufanya. Rudia baada ya kusahihisha. Laki mbili na nusu inatosha kwa mikao kadhaa ya aina hiyo, na itakupeleka mbali kuliko leseni.

La kuibiwa. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi yako inalindwa tangu ulipoiandika, na ulinzi unadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Kinacholindwa ni ulichokiandika, wazo lenyewe halilindwi. Ukimsimulia mtu kijiweni "komedi ya konda mwenye abiria wa kuajiriwa", akaenda akatunga ya kwake, huna kesi. Akichukua sini zako na maongezi yako, unayo. Hapo ndipo usajili wa COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, unapokusaidia, kwa sababu unakupa ushahidi wa tarehe na jina. Zaidi ya hapo, kila ukimaliza toleo jitumie kwa barua pepe, nayo inabaki na tarehe yake, na ndiyo nakala ya akiba siku simu itakapoangukia kwenye beseni. Ujue pia kwamba kwa kupiga filamu au tamthilia hapa nchini kunatakiwa kibali cha Bodi ya Filamu, chini ya sheria ya mwaka 1976, na maombi hayo yanaambatana na maandishi ya kazi yenyewe. Kundi lenye skripti iliyokamilika linafika mezani likiwa tayari.

Unapomtumia prodyuza, mtumie PDF ya sehemu ya kwanza na ukurasa mmoja unaoeleza mfululizo unahusu nini na wahusika ni kina nani. Sehemu nyingine kumi zibaki kwako mpaka aziombe. Faili la Fountain usimpe mtu, lina utani wako wote uliokatwa pamoja na maneno uliyojiandikia kwenye mabano ya mraba, likiwemo huenda na la kumhusu yeye. Jina na namba yako ya simu viwe kwenye ukurasa wa mbele, na jina la faili liwe la komedi, jina lako na tarehe, maana simu yake ina mafaili arobaini yanayoitwa "skripti final mpya".